Vyumba Vitupu vya Titusville

Mpwa wangu ana hoja moja anayoitoa kila mara mazungumzo yakigusa habari za Mwezi: kama kweli walikwenda, mbona waliacha? Huisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi, na wenzake barazani hutikisa vichwa. Mtu akishaijua njia ya Dubai, wanasema, haachi kwenda Dubai. Nami huwajibu kwamba Dubai kuna mali ya kuleta ukauza; Mwezini kulikuwa na mawe, na waliotoa fedha hawakuzitoa kwa ajili ya mawe.

Hapo hunitazama kama mzee anayewatetea wazungu. Basi nimeona afadhali niandike. Tangu 1969 hadi mwisho wa 1972 nilifanya kazi kwenye meza ya mapokezi ya moteli moja mjini Titusville, Florida, ukingoni mwa Indian River, na ng'ambo ya maji yale ndiko ilikosimama minara ya kurushia roketi za Apollo. Niliona safari zile zinavyofungwa. Hazikufungwa na wanaanga, wala na kitu chochote walichokikuta kule juu. Zilifungwa na watu wa bajeti, tena mapema kuliko wengi wanavyodhani, dunia ingali inapiga makofi.

Nilikwenda Marekani mwaka 1968, kijana wa Mombasa mwenye ufadhili wa kusomea uhasibu katika chuo cha Bethune-Cookman, Daytona Beach, chuo cha watu weusi. Roketi hazikuwa akilini mwangu, ingawa nyumbani kwetu zilikuwa zimeshatajwa. Mjomba wangu mmoja aliyeishi Unguja aliwahi kufanya kibarua Tunguu, Wamarekani walipojenga pale kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, Unguja ilikuwa mojawapo ya vituo alivyozungumza navyo akipita juu. Wanasiasa wengi wa Unguja hawakukitaka kituo kile na watu waliandamana kukipinga. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wamarekani wakaambiwa wafunge virago. Mjomba hakuwahi kuniambia lolote kuhusu anga. Alichokikumbuka ni kwamba walilipa kila Ijumaa bila kuchelewa, na kwamba siku walipoondoka hawakumwachia hata nyundo.

Ufadhili ulilipa karo na kitanda. Viatu, stempu na nauli nilijitafutia mwenyewe, ndiyo maana mwisho wa wiki na siku za likizo nilipanda basi la kwenda kusini, mwendo wa saa moja na kitu, kwenda kukaa nyuma ya meza ile. Mwenye moteli alinipa zamu ya usiku. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilikuwa imeshawafungulia weusi mlango wa mbele, lakini mazoea ya mji yalikuwa bado yanaburuta miguu, na usiku wageni wengi wamelala. Aliposikia lafudhi yangu ya shule ya Kiingereza alichangamka sana, akawa ananitambulisha kwa watu kama mwana wa chifu wa Afrika. Baba yangu, fundi cherehani wa Mji wa Kale, angecheka mpaka miwani imdondoke.

Chumba nilipanga Mims, kijiji cha mashamba ya machungwa kaskazini kidogo ya Titusville, kwa mjane mmoja mweusi niliyemwita Mama, naye akiniita mwanangu. Mims ndiko alikouawa Harry T. Moore, mwalimu na mtetezi wa haki za weusi. Usiku wa Krismasi ya 1951 bomu lililotegwa chini ya chumba chake cha kulala lililipuka. Yeye alikufa usiku uleule, mkewe Harriette siku tisa baadaye, na hakuna mtu aliyewahi kushtakiwa. Mama aliusikia mlipuko ule akiwa kitandani. Kwa hiyo roketi iliporuka na vioo vya madirisha vikatetemeka, majirani walikimbilia nje kutazama juu, naye alikwenda kwanza kuhakikisha mlango wa nyuma umefungwa.

Wageni wa moteli hawakuwa watalii, isipokuwa siku za kurusha. Daftari langu lilijaa majina ya kampuni. Boeing, waliojenga sehemu ya kwanza ya ile roketi kubwa, Saturn V. North American Rockwell, waliotengeneza sehemu ya pili na kile chombo cha wanaanga cha kwenda na kurudia. Grumman kutoka Long Island, wenye kile chombo cha ajabu chenye miguu minne cha kutulia Mwezini. IBM, watu wa kompyuta. Walikaa wiki, wengine miezi. Mashati meupe ya mikono mifupi, kalamu tele mfukoni, macho mekundu. Walirudi saa nane za usiku wakitaka kahawa, na kwa kuwa aliye macho ni mimi, walizungumza na mimi. Roketi yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 110, na ikishajazwa mafuta ilikaribia uzito wa tani 3,000. Kutoka kwenye maegesho yetu, kama kilomita 20 hivi, usiku ikiangaziwa taa, ungeweza kuifunika kwa kidole gumba.

Julai 1969 ilikuwa wazimu. Inakadiriwa watu karibu milioni moja walimiminika pwani ile kuitazama Apollo 11. Walilala ndani ya magari, juu ya magari, kwenye nyasi zetu, na mmoja alinipa dola tano alale kwenye kiti cha mapokezi. Siku moja kabla ya kurusha, tarehe 15, Mama na watu wa kanisa lake walikwenda kumsikiliza mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika uongozi wa harakati baada ya kuuawa Martin Luther King, nami nikafuatana nao. Abernathy alikuja na mamia ya watu maskini na mikokoteni inayovutwa na nyumbu, mpaka karibu na lango la kituo cha kurushia. Mkuu wa NASA wa wakati ule, Thomas Paine, alitoka kumkabili, wakasimama uwanjani mvua ya rasharasha ikinyesha. Paine alisema kwamba kama kutobonyeza kitufe cha kuirusha roketi kesho yake kungeondoa umaskini, wasingekibonyeza. Akamwomba Abernathy awaombee wanaanga, na Abernathy akakubali.

Njiani kurudi nilimuuliza Mama amelionaje jibu lile. Akasema mzungu yule ni muungwana, na muungwana amesema kweli: wasipokibonyeza, fedha zile hazitakuja Mims.

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi, kwa sababu baadaye hawakukibonyeza, na fedha hazikuja Mims.

Kati ya wageni wa kudumu alikuwapo mhandisi mmoja wa vali za mafuta, mtu mzima, mzaliwa wa Louisiana, aliyefanya kazi New Orleans kwenye kiwanda cha Michoud, palipounganishwa ile sehemu ya kwanza ya Saturn V. Wiki ile ya Apollo 11, Armstrong na Aldrin wakiwa bado njiani kurudi, aliingia mapokezi huku mji mzima ukinywa na kupiga honi, akaketi kimya. Nikampa pongezi. Akaniuliza, "Unajua tumeagizwa roketi ngapi?" Sikujua. "Kumi na tano. Ya kumi na sita haipo."

Nikadhani itaagizwa. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba uamuzi ulishapita mwaka uliotangulia. Agosti 1968, kabla binadamu yeyote hajaufikia Mwezi, mkuu wa NASA wa kabla ya Paine, James Webb, alikuwa amesimamisha maagizo ya roketi zaidi kwa kukosa fedha. Roketi namna ile ilihitaji miaka kuitengeneza. Vipande vizito vya chuma viliagizwa mapema kwa mafundi wa mbali, na kila fundi alikuwa na mashine zake, vijana wake wa kuchomelea, na siri zake ndogo ambazo hazikuandikwa popote. Ukimnyima kazi mwaka mmoja, anauza mashine na vijana wanatawanyika. Ukimrudia na fedha mkononi, humkuti. "Tunazirusha tulizo nazo ghalani," alisema. "Hakuna anayetengeneza nyingine."

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa hesabu, na maneno yale yalinipeleka maktaba ya chuo kutafuta vitabu vya bajeti. Kilele cha matumizi hakikuwa 1969, mwaka wa ushindi. Kilikuwa 1966. Mwaka ule, katika kila dola mia ambazo serikali ya Marekani ilitumia, karibu dola nne na senti arobaini zilikwenda NASA. Tangu hapo namba ilishuka kila mwaka, na nilipoondoka Marekani mwanzoni mwa 1973 ilikuwa chini ya dola moja na nusu. Yaani Armstrong alipokanyaga vumbi lile, mradi uliompeleka ulikuwa umeshaanza kunyimwa chakula kwa miaka mitatu.

Kwa nini? Hapa vijana wa barazani hupenda nitaje siri. Siri haipo, ila lipo jambo ambalo halikusemwa wazi wakati ule. Aprili 1961 Warusi walimrusha Yuri Gagarin, na siku chache baadaye jeshi dogo lililoandaliwa na Wamarekani lilishindwa vibaya Cuba, kwenye Ghuba ya Nguruwe. Rais Kennedy alihitaji shindano ambalo nchi yake ingeweza kushinda, na tarehe 25 Mei akaliambia Bunge kwamba watampeleka mtu Mwezini kabla muongo haujaisha. Watu wengi wanadhani alikuwa na mapenzi ya nyota. Mwaka 2001 ulitolewa mkanda wa kikao chake na Webb cha Novemba 1962, na ndani yake anasikika akimwambia Webb kwamba yeye mwenyewe hajali anga kiasi hicho. Jambo kubwa ni kuwatangulia Warusi, na gharama zile hazina sababu nyingine. Mwaka 1963 alifika hadi Umoja wa Mataifa akapendekeza wauendee Mwezi pamoja na Warusi. Mtu anayependa safari hafanyi hivyo. Hufanya hivyo mtu anayetafuta njia ya kupunguza gharama za ugomvi.

Mashindano yakishapata mshindi, nani analipa tena? Warusi walikuwa na roketi yao kubwa, N1. Iliruka mara nne kati ya 1969 na 1972 na ikashindwa mara zote nne. Ile ya Julai 1969 iliteketeza na mnara wake, kama wiki mbili tu kabla ya Apollo 11. Habari hizo zilifichwa kwa miaka mingi. Sisi pale motelini tuliona tu kwamba Warusi wamenyamaza. Vita vya Vietnam vilikuwa vinakula vijana na fedha, miji ilikuwa imeungua baada ya King kuuawa, na kura za maoni za miaka ile zilionyesha kwamba Wamarekani wengi waliona gharama za Mwezi ni kubwa mno, ukiondoa siku za Apollo 11 yenyewe. Sifa nyingi za leo juu ya taifa zima lililoungana nyuma ya Apollo ni za watu waliokuwa hawajazaliwa.

Titusville ilianza kutoboka kabla magazeti hayajaandika. Mimi niliijua kwenye daftari. Walioandika miezi mitatu wakawa wanaandika wiki mbili. Kisha wakaja wake zao na watoto, maana nyumba wamezirudisha benki na wanasubiri shule ifunge wahamie Texas au California. Kaunti yetu, Brevard, ilikuwa na watu 23,000 hivi mwaka 1950 na 230,000 mwaka 1970. Karibu wote hao walifuata roketi, na roketi ilipopungua hakukuwa na kazi nyingine ya kuwashika. Mitaa mizima ilisimikwa vibao vya kuuza. Kijana mmoja mwenye digrii mbili za uhandisi alinijazia petroli gari la mwenye moteli, akifuta kioo kwa kitambaa, na alipoona nimemtambua aliinamisha uso.

Karatasi ya kuachishwa kazi niliiona mara moja tu kwa karibu. Yule mtu wa vali aliiweka juu ya meza yangu pamoja na ufunguo wa chumba. Ilikuwa na aya mbili na saini iliyopigwa mhuri. Alikuwa ameigeuza nyuma akaorodhesha kwa penseli vitu vyake vya kuuza: mashua, mashine ya kukatia nyasi, kinanda cha binti yake. Akaniuliza kama nahitaji mashine ya kukatia nyasi. Mimi, mpangaji wa chumba kimoja. Nilimwambia nitamuulizia Mama, na kweli Mama aliinunua kwa dola nane.

Mlolongo wenyewe ulikuwa hivi. Mwanzoni mwa Januari 1970 Apollo 20 ilifutwa, maana roketi yake ilihitajika kurusha Skylab, ile maabara ya anga. Aprili, Apollo 13 ilipasuka tangi la oksijeni njiani, na watu watatu wakarudi kwa kudra. Kabla ya ajali hiyo vituo vya televisheni havikutaka hata kukatiza vipindi vyao kuonyesha matangazo ya wanaanga hao. Baada yake hakuna aliyebandua macho. Lakini hofu iliyobaki ilikaa maofisini. Robert Gilruth, mkuu wa kituo cha Houston, alikuwa mmoja wa waliotaka safari zikome kabla hazijaua mtu, na watatu walikuwa wameshaungua ndani ya Apollo 1 mwaka 1967 bila hata kuondoka ardhini. Kuna jambo ambalo wenye kuzungumzia ushujaa hulisahau: mwanzoni mwa Agosti 1972, katikati ya Apollo 16 na 17, Jua lilitoa dhoruba kali ya mionzi. Ingekuta watu juu ya Mwezi, pengine tungekuwa na mazungumzo mengine leo.

Septemba 1970 zikafutwa safari mbili zaidi. Nilipokea habari hiyo kwenye redio ya mapokezi nikiwa na kalamu mkononi, na nilichokishangaa ni hesabu. Walisema kwa kufuta mbili hizo wataokoa kama dola milioni 42 katika bajeti ya mwaka ule. Roketi zilikuwa zimeshajengwa. Wanaanga walikuwa wamefunzwa. Mradi wote uligharimu zaidi ya dola bilioni 25, na wakakata pale mwishoni kabisa, mahali ambapo kila safari ya nyongeza ilikuwa rahisi kuliko zote zilizotangulia. Kwa hesabu za wakati ule, vita vya Vietnam vilimeza milioni 42 hizo kwa siku moja au mbili. Mwezi uleule Warusi walipeleka chombo kisicho na mtu, Luna 16, kikachota gramu kama mia za udongo wa Mwezi na kurudi nao. Kongresi ilikuwa na watu waliolisoma jambo hilo vizuri: kumbe mashine inaweza kwenda, na mashine haina mjane.

Rais Nixon hakuwa adui wa anga. Alikuwa mtu wa kupima faida. Kamati ya makamu wake, Spiro Agnew, ilimletea mwaka 1969 mipango ya kituo cha anga na safari za Mars. Machi 1970 akatangaza kwamba mambo ya anga yatapangwa foleni pamoja na mahitaji mengine ya taifa. Mwaka 1971 Ikulu ilifikiria kuzifuta hata Apollo 16 na 17. Aliyeziokoa alikuwa mtu wa bajeti, Caspar Weinberger, aliyemwandikia Nixon mwezi Agosti kwamba kuzifuta kutaonekana kama nchi imekwisha kuishiwa na inarudi nyuma. Nixon akaandika pembeni kwamba anakubaliana naye. Nilipoisoma habari ya waraka huo miaka mingi baadaye nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeshafanya kazi bandarini Mombasa muda mrefu, nimeona miradi mikubwa ikiuawa au ikifufuliwa kwa maneno matano yaliyoandikwa pembeni mwa waraka.

Januari 1972 Nixon alitangaza chombo kipya cha kwenda na kurudi, kile kilichokuja kuitwa Space Shuttle. Titusville ilishusha pumzi, lakini pumzi fupi. Chombo hicho kilibuniwa kuzunguka karibu na dunia tu. Aliyekuwa akijua maana yake hakuhitaji kuelezwa: barabara ya Mwezini haikuwamo kwenye ramani mpya.

Apollo 17 ilikuwa ya mwisho na kila mtu aliijua hivyo. Ilikuwa pia safari ya kwanza ya Wamarekani kurusha watu usiku. Ilipangwa saa tatu na dakika 53 usiku wa Desemba 6. Moteli ilijaa tena, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nusu ya waliojaa walikuwa wale walioachishwa kazi, wamerudi na familia zao kuzika. Niliwaandikisha kwa majina bila kuwauliza. Ile safu ya kampuni kwenye daftari niliiacha tupu. Hesabu ya kurudi nyuma ilifika sekunde 30 ikasimama. Mashine ya kuongoza hesabu ile ilikataa. Tulikaa pale nje saa mbili na dakika arobaini, watoto wakilala mabegani, mbu wakitutafuna.

Saa sita na dakika 33 ikaondoka. Siwezi kuueleza mwanga ule ila kwa kusema kwamba niliona rangi. Usiku wa manane niliona wekundu wa gari la maziwa ng'ambo ya barabara, na kijani cha nyasi, na machozi ya wanaume. Sauti ilikuja baadaye kidogo, kwanza miguuni.

Miongoni mwa wageni rasmi wa usiku ule alikuwapo mzee mweusi wa Bartow, Florida, Charlie Smith, aliyedai kuwa na umri wa miaka 130 na kwamba aliletwa kutoka Liberia kama mtumwa. Umri wake ulikuja kubishaniwa, na kumbukumbu zilionyesha alikuwa mdogo zaidi. Walimwalika ashuhudie, nadhani wakitaraji maneno ya kuandika gazetini. Akawaambia waandishi kwamba amewaona wakienda mahali, lakini hilo halina maana kwamba wamefika Mwezini. Mama wa Mims aliipenda sana habari hiyo. Aliikata gazetini akaibandika jikoni, si kwa sababu hakuamini safari zile, maana aliziamini, bali kwa sababu mzee yule alikataa kushangaa kwa kuagizwa.

Gene Cernan na Harrison Schmitt walikaa siku tatu bondeni Taurus-Littrow. Schmitt alikuwa mwanajiolojia, mwanasayansi wa kwanza na wa pekee kati ya watu kumi na wawili waliotembea Mwezini, na walirudi na kilo 110 hivi za mawe na udongo. Maana yake, mtaalamu wa mawe walimpeleka safari ya mwisho. Desemba 14 walipoondoka juu ya Mwezi, Nixon alitoa tamko lililosema kwamba huenda hiyo ikawa mara ya mwisho katika karne hii watu kutembea kule. Walilisikia wakiwa bado huko. Schmitt amesema mara nyingi kwamba lilimkasirisha, na mimi namwelewa: ni vigumu kumsikia mwenye nyumba akizima taa ungali ukipanda ngazi.

Kabla ya mwaka kwisha magazeti yalichapa picha waliyoipiga saa chache baada ya kuondoka duniani, dunia nzima ikiwa imeangaziwa na Jua. Tumeizoea sana sasa. Wakati ule ilinishtua kwa sababu moja: haikuwa Marekani. Ilikuwa Afrika kutoka juu hadi chini, Bara Arabu, Madagaska, na pwani yetu yote bila wingu kubwa mahali nilipotafuta Mombasa. Mama aliweka kidole akauliza, "Ni hapa?" Nikasogeza kidole chake kidogo.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa 1973. Mama aliniandikia miaka kadhaa. Aliandika kwamba serikali inauza kwa bei ya kutupa nyumba zilizoachwa na wahandisi, na kwamba mwanawe aliyerudi Vietnam amenunua moja, yenye gereji, kwenye mtaa ambao zamani asingethubutu kuupita jioni. Hilo nalo ni tunda la kufungwa kwa Mwezi, na silioni likiandikwa vitabuni.

Miaka ya karibuni nilimtembelea binti yangu Houston. Novemba 2022 Wamarekani walikuwa wamekirusha chombo kipya, bila mtu ndani, kikauzunguka Mwezi na kurudi, na watu walikuwa wanazungumza tena habari za kwenda. Walizungumza zaidi habari za Wachina, ambao wameshatuliza vyombo vyao upande wa Mwezi usioonekana na kuleta mawe yao wenyewe. Nilipowasikia maafisa wa NASA wakitamka neno la mashindano, nilijua wamepata fedha wapi.

Pale Houston wameilaza Saturn V moja ndani ya jengo refu. Zimebaki tatu ulimwenguni za kutazamwa, na hii ndiyo pekee ambayo sehemu zake zote zilitengenezwa ziruke kweli. Inachukua muda kuitembea kutoka ncha hadi kwenye zile injini tano za nyuma. Mzee kama mimi anapumzika katikati. Kijana aliyetuongoza alisema haikuruka kwa sababu ya fedha, akataka kupita kwenye jambo jingine. Nilimsimamisha nikamuuliza fedha kiasi gani. Hakujua. Nikamwambia milioni 42 kwa mwaka ule wa bajeti, safari mbili.

"Na roketi zilikuwa zimeshanunuliwa?" aliuliza.

Nikamwambia zilikuwa zimeshanunuliwa, na kwamba anayoiona mbele yake ni risiti. Akaniomba nirudie ile tarakimu, akaiandika kwenye simu yake, kisha akatuonyesha vilipo vyoo, maana basi la kurudi lilikuwa limebakiza dakika kumi.